Mti Ndani ya Kopo la Siagi

Honorine hakuwa mtu wa kuamini haraka. Akinunua unga sokoni, alitaka uchotwe kutoka chini ya gunia, kwa sababu juu ndipo wauzaji wanapoweka uzuri wao. Kwa hiyo siku mama mkwe wake, Mama Numbi, alipoteremka kwenye treni kutoka Bukama, kwao kando ya mto Lualaba, amekumbatia kijiti kilichofungwa kwa kitambaa kibichi, Honorine hakukitazama kijiti. Alimtazama aliyekibeba.

Mama Numbi alikipanda ndani ya kopo tupu la siagi, akakiweka sebuleni chini ya dirisha. Nje haikuwezekana. Msimamizi wa kambi ya wafanyakazi walimoishi alitaka ua wa kila mfanyakazi uwe mtupu, na mche wowote uliochomoza aliamuru ung'olewe.

"Mama, hii muti ni ya nini?"

"Ni ya nyumba," alijibu mama mkwe. "Utakuwa unaimwangilia maji. Ikitoa majani, ni muzuri."

Baada ya hapo akarudi kwao. Alexis, mume wa Honorine, alipoulizwa aligeuza uso. "Ni mambo ya mama," alisema. "Lakini ba-père basijue." Honorine akajiambia kwamba jambo jema halifichwi mapadri.

Na sababu ya kushuku alikuwa nayo, tusimwonee. Mwaka uliotangulia alimzika binti yake, kitoto cha miezi michache kilichopewa jina la bibi huyo huyo, Numbi. Matangani majirani walinong'ona kwamba kuna bibi anayempa mjukuu jina lake ili amle, ajiongezee miaka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa Honorine alikuwa na mimba tena, na bibi huyo alikuwa amepanda kitu ndani ya nyumba yake.

Kijiti kilitoa majani, tena ya kupendeza. Kisha baridi ya Juni ikaingia, majani yakageuka manjano na kuanza kudondoka. Kila Honorine alipofagia sebule alikuta jani, na kila alipokuta jani alihisi mtoto tumboni ametulia mno. Labda alitulia kweli, labda alikuwa amelala tu kama watoto wengine wavivu. Mtu akishaogopa hata mwili wake mwenyewe humdanganya.

Alilifunga jani moja kwenye ncha ya kitenge, akaenda sokoni kwa Baba Mwenze, muuza mizizi. Mzee alilivunja, akalinusa, akakwaruza kikonyo chake kwa ukucha.

"Ulitoa wapi hii?"

"Mu nyumba yangu, Baba."

Mwenze akaliweka chini polepole. "Miye siko muntu wa kule. Lakini bantu ba ku Lualaba, hii muti banaipandaka sababu ya bantu benye kufwa." Alikuwa bado ana la kusema, ila Honorine alikwishasimama.

Kikulacho ki nguoni mwako! Kuung'oa mti hakuthubutu, maana Alexis angeuliza. Akaanza kuumwagia maji aliyolowekea makayabu, wale samaki wa chumvi, kila mume alipokwenda kazini. Harufu haikumtia wasiwasi, kwa kuwa kambi nzima ilinuka makayabu. Majani yaliyosalia yakaungua kingo, yakawa kahawia, yakaanguka yote. Honorine aliyafagia akiimba wimbo wa kanisa.

Mama Numbi alirudi siku za kujifungua zilipokaribia. Aliwasalimia Honorine na Alexis, akaketi, akanywa maji, ndipo akakiona kijiti kilichobaki uchi.

"Baridi inaangushaka majani," alisema. "Ile haiko kitu." Akainuka, akachovya kidole kwenye udongo wa kopo, akakilamba. "Lakini hii ni chumvi."

Honorine akasimama, mikono juu ya tumbo. Vita hivi alivingoja tangu matangani. "Ee, ni miye! Uliniletea muti ya bantu benye kufwa. Ulimukula mutoto yangu, na sasa unataka huyu."

Alexis aliruka kitini. Mama yake akamzuia kwa mkono.

"Ni kweli, ni muti ya mwenye kufwa," alisema mama mkwe. "Ni ya Numbi, mutoto yako. Alikufa huku, mbali na bakubwa bake, bakamuzika fasi ya bageni. Kwetu, mutoto vile tunamupandiaka muti ku mulango, ajue nyumba ya mama yake. Akitaka kurudia, arudie ku ile ile tumbo. Huku banakataza kupanda inje. Njo sababu nikamupanda mu kopo."

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

Mama Numbi alimgeukia mwanawe. Alexis alitazama sakafu. "Kama tunataja jina yake, ulikuwa unalia mupaka unaanguka," alisema. "Niliogopa."

Honorine akalitazama kopo. Kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, alikuwa amemfungia mlango mtoto aliyemlilia mwaka mzima. Akakaa chini, akalia kwa aibu na kwa uchungu pamoja.

Mama mkwe hakumbembeleza. Alichukua kisu, akakwangua gome kuanzia juu. Lilikuwa kavu. Akateremka, bado kavu. Karibu kabisa na udongo ukatokea ukanda mwembamba wa kijani.

"Angalia. Haikufa yote."

Walikata sehemu iliyokauka na kuosha mizizi kwa maji safi. Alexis alileta udongo wa kichuguu, wakaupanda mti upya. Honorine alifanya kazi kwa magoti, tumbo likimzuia, na hakukubali kusaidiwa.

"Sasa inafaa kumumwangilia maji na kumwita," alisema mama mkwe, akimpa kikombe. "Miye siwezi. Jina ni yangu, na muntu hajiitake yeye mwenyewe. Ita weye."

Tangu mazishi Honorine hakuwa amelitamka jina hilo hata mara moja. Aliinamia kopo, akamimina maji polepole kwenye udongo.

"Numbi," alisema. "Ni mama. Ni miye nilikufungia mulango. Ingia, mutoto yangu. Ingia."