Mtoto Asiyefukuzika

Shule ile ilikuwa na jina refu la Kizungu lililochongwa kwenye jiwe langoni, lakini watu wa Rangwe hawakujisumbua nalo. Waliiita Kwa Matajiri, na jina likatosha. Ilikaa kilimani juu ya barabara ya Homa Bay, imezungushiwa seng'enge, na ndani yake watoto wa wakubwa walikula mayai asubuhi, wakalalia magodoro mazito, na wakafanya kila wanalofanya vijana wanaojua kwamba hakuna wa kuwaambia kitu. Walivuta sigara. Walikunywa. Waliwatuma wa kidato cha kwanza kuwafulia soksi. Aliyekamatwa aliitiwa babake, baba akaja na gari, wakanywa chai ofisini kwa mwalimu mkuu, na mambo yakaishia kwenye chai.

Byron Onyango alikuwa mkubwa wao, kwa sababu bweni alilolala lilikuwa na jina la babake. Si utani. Mzee Onyango wa Suna, mwenye malori ya mahindi na sukari, ndiye aliyelijenga, kisha akabandika jina lake juu ya mlango kwa herufi za chuma. Kila asubuhi Byron alitoka kwa kupita chini ya babake, na kila jioni akarudi kwa kupita chini ya babake.

Msidhani alifurahia. Tangu kidato cha pili alikuwa akitamani kitu kimoja tu, afukuzwe. Alitaka kusoma shule ya kutwa kule Migori, awe mtu wa kawaida anayekosea na kuadhibiwa. Akavunja vioo vya maktaba makusudi. Akachapwa Maroa. Akaruka ua, akaenda kulewa Rodi Kopany mchana kweupe. Akachapwa Maroa, kwa kosa la kutomzuia.

Maroa alikuwa mwana wa Gisiri, Mkuria aliyeendesha lori la Mzee Onyango. Mwaka Byron alipoingia kidato cha kwanza, Mzee alimwita dereva wake akamwambia, "Mtoto wako ana kichwa. Nitamsomesha pamoja na wangu. Kazi yake ni moja tu, amwangalie." Suna nzima ikasifu ukarimu huo. Hakuna aliyeuliza kuangalia ni kufanya nini. Maana yake ilikuwa rahisi. Mwalimu mwenye fimbo akishindwa kumgusa mwenye bweni, awe na mgongo mwingine karibu.

Mwanzoni Byron alidhani ni bahati. Halafu siku moja bafuni akauona mgongo wenyewe, akaona haya, haya ya kweli inayomfanya mtu ashindwe kula. Akaacha kuvunja vitu. Ila sigara hakuiacha, na hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Ilikuwa Jumapili ya Septemba, mwaka ule wa uchaguzi wa tisini na saba, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa karibu. Wengine walikuwa kanisani. Maroa, kiranja wa maabara, alikuwa amemaliza kupanga chupa, anafunga mlango.

"Manze, nipe ufunguo," Byron akamwambia. Nyuma yake alisimama Tony, rafiki yake ambaye babake alikuwa mkubwa fulani Nairobi. "Tunavuta moja tu, tunatoka."

"Byron, kuna spiriti humo ndani."

"Nani analipa fees yako, wewe?"

Neno hilo Byron hakulikusudia. Lilimtoka tu, kwa sauti ya babake hasa. Maroa akatoa ufunguo, akaenda kanisani. Kabla wimbo wa mwisho haujaisha, maabara ilikuwa inawaka, na jioni paa lilikuwa limelala sakafuni. Hakuumia mtu. Kesho yake Tony alichukuliwa na mjomba wake, ikasemwa ni mgonjwa. Ukabaki ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa Maroa. Wakamfungia katika chumba cha wagonjwa kungoja uamuzi wa bodi.

Byron alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Momanyi, akasimama wima.

"Mwalimu, ni mimi niliyechoma maabara. Maroa hakuwemo."

Momanyi alivua miwani akaifuta kwa tai yake. "Nimekusikia. Ni vizuri kijana kumtetea ndugu yake. Nenda darasani."

"Simtetei, mwalimu. Ni mimi."

"Onyango, Jumamosi tuna harambee ya kujenga maabara mpya. Mgeni wa heshima ni nani?"

"Ni baba."

"Basi. Nenda darasani."

Akaomba simu, akampigia babake Suna. Mzee Onyango alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Mimi nasimama kwenye uchaguzi, wewe unataka kusimama kizimbani? Wuoda, mwanangu, soma. Hayo mengine ni ya wakubwa." Simu ikakatwa.

Alirudi bwenini akiwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Ulimwengu una watu wengi wanaosema ukweli na kuitwa waongo. Yeye alisema ukweli akaitwa mwema, na hilo ni gereza baya zaidi, kwa sababu waliokufungia wanakushika mkono na kukupongeza.

Jioni hiyo alikwenda kwenye dirisha la chumba cha wagonjwa. Maroa alikuwa amekaa kitandani, sanduku lake la chuma miguuni.

"Wakinitoa kabla ya Novemba, nimekwisha," Maroa akasema. "Nimesajiliwa hapa. Siwezi kufanya mtihani pengine."

"Nimewaambia ni mimi. Nimemwambia Momanyi, nimemwambia baba."

"Umesemea ofisini. Ofisini maneno hufa, Byron. Semea mbele ya watu."

"Na babako je? Lori?"

Maroa akalisukuma sanduku kwa mguu. "Baba anajua. Amesema afadhali arudi Ntimaru kulima tumbaku kuliko mimi niitwe mchomaji. Wewe sema tu."

Byron akashika vyuma vya dirisha. "Nitasema Jumamosi. Wallahi, nitasema kwa kipaza sauti."

Kwa mara ya kwanza tangu moto, Maroa akatabasamu.

Jumamosi ikafika na mahema yake, kwaya zake na vumbi la magari. Lori la Mzee Onyango lilitangulia, limejaa saruji ya maabara mpya, na Gisiri ndiye aliyeliendesha. Alilisimamisha kando ya magofu, akateremka, akaanza kushusha mifuko pamoja na vibarua. Hakuangalia upande wa chumba cha wagonjwa hata mara moja. Mtu akitaka kulia kazini huangalia kazi.

Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Nyamweya, mtu mwenye ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki mtu wa ziwani. Harambee ilikuwa imeshapamba moto pale alipoingia mlangoni mwa hema mama mmoja mwembamba, amevaa leso safi, amebana jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa Bhoke, mamake Maroa. Alikuwa ametoka Suna alfajiri ili amwone mwalimu mkuu faraghani, amlilie mwanawe, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, alikuwa amemkamata jogoo pekee wa nyumba yake. Lakini siku ya harambee, mama mwenye jogoo ni mama mwenye mchango. Bawabu alipomwona hakuuliza. Alimshika mkono akampeleka moja kwa moja mbele.

"Oneni mapenzi ya elimu!" Nyamweya akapaza sauti, akamnyakua jogoo na kumwinua juu. "Mama huyu ametoka na jogoo wake mpaka hapa! Nani ananunua?"

"Mwalimu, huyo si wa hapa, huyo ni wa..." Bhoke akasema, mkono bado umenyooshwa. Ngoma ya kwaya ikamfunika. Mnada ukapanda, matajiri wakashindana kwa vicheko, na mwishowe Mzee Onyango akamchukua jogoo kwa bei ambayo ingenunua ng'ombe. Akampungia Bhoke mkono kwa upole, maana alimfahamu, ni mke wa dereva wake. Bhoke akarudi nyuma, akakaa chini. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Hawakutuambia kwamba mwewe naye hupigiwa makofi.

Byron aliyaona yote. Kabla woga haujamrudisha kitini alikuwa mbele ya umati, ameshika kipaza sauti.

"Aha! Mwana wa simba!" Nyamweya akatania. "Lakini anayeshika hiki, sheria ni moja, haondoki bila kuacha kitu!" Watu wakacheka.

"Mimi ndiye niliyechoma maabara," Byron akasema.

Hema likanyamaza.

"Nilikuwa navuta sigara. Maroa hakuwemo. Nilimlazimisha anipe ufunguo. Msimfukuze. Nifukuzeni mimi."

Akasikia kifua chake kikifunguka. Kule nyuma Bhoke alikuwa amesimama, viganja vimefunika mdomo. Gisiri alikuwa ameacha kushusha saruji, mfuko bado begani. Kwa muda mfupi sana Byron Onyango alikuwa mtu huru, na laiti mtu angelizima jenereta wakati huo, labda angebaki huru.

Lakini alikuwa amesahau mahali aliposimama. Harambeeni hakuna anayesema kwa ajili ya kusema. Ukisimulia umaskini wa wazazi wako, watu wanangoja uahidi. Ukilia, wanangoja uahidi. Umati ule haukuwa unapima kama kijana huyu anasema kweli. Ulikuwa unangoja kujua anatoa nini. Nyamweya, mzoefu wa kazi, akalijua hilo kabla ya mtu yeyote. Akakichukua kipaza sauti taratibu, kama anayempokea mtoto mchanga.

"Mmesikia? Mtoto wa tajiri anajitwika mzigo wa mtoto wa dereva! Anasema, deni la maabara hii liwe langu! Sasa nyinyi, mtamwacha abebe peke yake?"

"Hapana!"

"Sijasema hivyo!" Byron akapiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi!" Kila aliposema ni mimi, akina mama walipiga vigelegele.

Mzee Onyango akasimama. Alikuwa na machozi machoni, na ubaya ni kwamba yalikuwa machozi ya kweli. "Mwanangu amejitwika maabara," akasema. "Mimi babake namtua. Nitaijenga yote, kuanzia msingi hadi bati."

"Jatelo! Jatelo!" umati ukaitika, ukimwita kiongozi, na haikujulikana kama kiongozi ni baba au mwana. Wanaume wakambeba Byron mabegani. Kutoka juu kule aliona vichwa vya watu, na nyuma ya vichwa, Bhoke akikaa tena polepole.

Bwana Momanyi akafunga shughuli kwa maneno machache. Bodi ilikuwa imekutana. Mwanafunzi aliyekabidhiwa ufunguo wa maabara akakosa uaminifu angeondoka leo, na shule ilimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Kisha, kwa moyo wa kujitolea ambao kila mtu ameushuhudia, Byron Onyango alikuwa kiranja mkuu mpya wa shule. Makofi yakalipuka tena. Momanyi alimbandikia beji yeye mwenyewe, akamnong'oneza, "Nilikuambia uende darasani."

Chakula cha wageni kiliandaliwa nyumbani kwa mwalimu mkuu. Byron alikalishwa kulia kwa babake. Dirisha lilitazama lango, na langoni lori lilikuwa limegeuzwa tayari, tupu, limebaki na vumbi la saruji. Gisiri alipandisha sanduku la chuma nyuma. Bhoke aliingia mbele. Maroa alisimama kidogo, akaangalia kilimani, kwenye nyumba ile yenye vicheko. Hakupunga mkono. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia vipaza sauti, maana vilifungwa hadi kwenye ukuta wa chumba cha wagonjwa. Alijua Byron alisema. Alijua pia kusema huko kulisaidia nini. Akapanda.

"Baba," Byron akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa kweli. Unajua ilikuwa kweli."

"Najua," Mzee Onyango akajibu, akimtabasamia diwani aliyekaa mbele yao. "Tangu siku uliyonipigia simu. Ndiyo maana ninaijenga hiyo maabara."

Mpishi akaleta sinia la kuku. Alikuwa yule jogoo mwekundu, mgumu kidogo kwa kuchemshwa kwa haraka. Mzee akapekua kwa uma hadi akalipata firigisi, kipande ambacho kwake, tangu Byron azaliwe, hakikuwahi kuingia kinywa kingine isipokuwa cha mwenye boma. Akakiweka katikati ya sahani ya mwanawe. Meza ikatulia ikitazama.

"Huyu kuku ni wa mamake Maroa," Byron akasema.

"Alikuwa wake. Nilimnunua. Kula, kiranja, watu wanatazama."

Lori liliunguruma langoni, likashika barabara ya Rongo. Byron alitaka kuinuka. Miguu ilikuwa yake, mlango ulikuwa wazi, na hakuna mkono uliomshika, ila aliangalia nyuso zile zote zilizokuwa zikimpenda na asione mahali pa kupitia. Akakitia kipande mdomoni. Kilikuwa kigumu, akakitafuna kwa muda mrefu, na wageni wakamngojea kwa subira mpaka alipokimeza, kisha wakampigia makofi.