Kulalia Kazi

Fundi alikuwa amelala chali chini ya tela, nyundo mkononi, na kila alipogonga, kutu ilimmwagikia machoni. Bamba lililoshika mguu wa jeki lilikuwa limechanika tena, pale pale alipolichomelea mara iliyopita na mara ya kabla yake. Akagonga na fremu yenyewe, juu ya bamba. Chuma kizima hulia kikigongwa. Hiki kilitoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Fundi alitema kutu, akatukana taratibu.

"Bado tu?" Viatu vilivyong'arishwa vilisimama karibu na kichwa chake. Vilikuwa vya msimamizi wa yadi, ambaye wapakiaji walimwita Leo-Leo kwa sababu kila alichotaka alikitaka leo.

"Bosi, hapa nachomelea kutu juu ya kutu. Panataka kukatwa, liingie bamba jipya."

"Bamba limeagizwa."

"Uliniambia hivyo tangu mvua zile."

"Basi si limeagizwa? Chomelea, wenye saruji wanangoja. Au unaogopa kazi ya mikono yako?"

"Kazi yangu siiogopi. Naogopa chuma."

Leo-Leo alicheka. "Aliyekutangulia naye alikuwa na mdomo kama wako. Sasa hivi anashona viatu barabarani, na mdomo wake anao."

Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na mke, watoto, na mama aliyeugua mgongo. Alivuta waya wa mashine, akashusha kioo usoni, akachomelea.

Katika yadi hiyo kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Fundi akitengeneza mguu wa tela, lazima alale chini yake wakati kichwa cha lori kinaondolewa na safu ya kwanza ya mzigo inapangwa. Waliiita kulalia kazi. Ilianza baada ya tela moja kupiga magoti na kummaliza mpakiaji. Wakubwa walikaa kikao, wakaona kununua chuma ni gharama, bora fundi achomelee akijua ubavu wake mwenyewe uko chini. Wapakiaji wenyewe waliipenda sheria hiyo. Yadi haikuwa na hata kibanda cha kupumzikia, kivuli chao kilikuwa chini ya matela, na mahali alipokwisha kulala fundi walipaamini kama kitanda cha nyumbani.

Basi akalala. Lori liliguna, likajitoa, na tela likakaa kwa miguu yake miwili. Magunia yakaanza kutua juu. Miongoni mwa waliopakia alikuwemo mdogo wake, baba wa mtoto mmoja, aliyeingizwa yadi na Fundi mwenyewe kwa kubembeleza. Fundi alimsikia akiimba huko juu, sauti mbovu kama kawaida yake. Hakuimba naye. Jicho lake lilikuwa kwenye chuma.

Weldingi ilishika. Ila pale kwenye fremu, juu yake, ufa mwembamba kama unywele ulitokeza, ukatambaa kidogo, ukatulia. Jasho lilimwingia Fundi masikioni. Anayetoka kabla ya kuruhusiwa hutoka moja kwa moja mpaka nje ya geti, kwa hiyo alibaki, akihesabu pumzi zake, akijichukia.

"Haya, toka!" Leo-Leo aliita.

Wapakiaji wakampigia makofi. Leo-Leo alimkumbatia bega mbele ya watu wote.

"Si unaona? Na ulivyonipigia kelele! Hilo bamba nitawaambia wasilete tena."

"Bosi, fremu imepasuka. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona lini?"

"Nikiwa chini."

"Ukalala kimya?" Leo-Leo aliwageukia wapakiaji. "Jamani, mtu anaona kifo halafu analala?" Wakaangua kicheko. Yeye akaagiza paletwe rangi, papakwe pale penye ufa, papendeze. Tela lenyewe liendelee kupakiwa mpaka lijae.

Fundi alikwenda stoo kutafuta gogo la kutegemeza fremu, akakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Leo-Leo, na Leo-Leo alikuwa ameshakwenda kula.

Aliporudi, jua lilikuwa la utosi. Kundi la pili lilikuwa juu linapanga magunia, na kundi la mdogo wake lilikuwa chini ya tela, miguu imenyooshwa, vyakula vimefunguliwa. Mdogo wake aliegemea mguu wa jeki.

"Tokeni hapo."

"Kaka, kuna jua huko."

"Nimesema toka! Chuma kimepasuka."

"Si ulilala hapa hapa mwenyewe, sote tukikuona?" Mdogo wake alimega chakula, akamsogezea sahani. "Wewe ungelala mahali pabovu?"

Fundi angesema nini? Kwamba angelala, na kwamba ndivyo alivyofanya?

"Kaka amechoka," mmoja akasema. "Mpisheni akae."

Fundi akapiga magoti, akamshika mdogo wake kifundo cha mguu, akavuta kwa nguvu zake zote. Wengine wakacheka, wakamshika mwenzao mabega, wakavutia kwao, ukawa mchezo. Juu yao gunia likatua, kisha jingine. Kwenye rangi mbichi, mstari ukajichora upya.