Picha ya Mwezi wa Nane

...na kwani angeibakisha simu mkobani angepungukiwa nini, lakini wapi, dada yake amekwisha kuipitisha juu ya meza, kioo kimejaa alama za vidole, na picha ndiyo ile ile, ile ya kalenda, picha ya mwezi wa nane, ukuta wa mji wa kale upande wa kushoto, ngazi za mawe zinateremka mpaka mchangani, mnara wa taa kule mbali, na katikati maji, maji ya kijani yanayong'aa mpaka yanatia kiu, "Hapa ndipo alipoogelea, daktari, pasafi kabisa, na aliyepiga ni huyu hapa, mjomba wake," na daktari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaipokea na kuisogeza karibu na uso, na mpiga picha kwenye kiti cha pili akahisi mdomo umemjaa mate, si mate ya njaa, ni yale yanayotangulia kutapika... chumba kinanuka dawa ya kupigia deki, na chini ya dawa kuna harufu nyingine, inatoka nyuma ya pazia, kitandani kwa mpwa wake, miaka sita, siku ya tatu leo anaharisha na kutapika, midomo imekauka, mkono umefungwa dripu, mtoto ambaye siku zote hafungi mdomo, Mjomba Kamera hiki, Mjomba Kamera kile, leo kimya, na harufu hiyo mjomba wake anaijua, anaijua kuliko mtu yeyote humu ndani, ameivaa kwenye viatu miaka tisa... kwa sababu pale ukutani, chini ya ngazi, mahali ambapo picha haifiki, kuna bomba, bomba la saruji nene kama pipa, linakusanya vyoo vyote vya mji wa kale na kuvimwaga baharini mchana na usiku, na yeye, msanii, bwana wa pembe za kupigia picha, husimama juu yake! Ndiyo, juu yake, maana ndipo penye kimo kizuri, miguu ya kamera mmoja huku mmoja kule, pumzi ameibana, maji yakiwa nusu, na kwa sababu amelikanyaga basi halionekani, halijawahi kuonekana, na likibaki doa la kahawia majini, au lile povu la rangi ya chai ya maziwa, analifuta nyumbani kwenye kompyuta, kama anavyofuta nyaya za umeme, kamba za nguo, na yule mzee aliyekuwa anakojoa ukutani, halafu anapaka kijani, kijani chenyewe kimetoka kwenye picha nyingine ya bahari nyingine, na watu wakamwita kwenye maonyesho wakamvisha shada, wakauliza ametumia kamera gani, naye akajibu, ptuu, akajibu kwamba kamera si kitu, jambo ni kuuheshimu mwanga, na wakapiga makofi, na yeye akainama... "Homa ilianza lini, mama?" "Jumapili jioni, daktari, tulipotoka tu baharini, lakini mimi nasema ni chakula," na daktari akaandika, simu bado mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na lile neno chakula likamchoma mpiga picha mbavuni, kwa sababu anajua linakokwenda, linakwenda nje, kwenye benchi la korido, alikokaa mama yao na khanga mdomoni tangu asubuhi, maana ndiye aliyempa mtoto kiporo Jumapili ile, wali wa jana, akaupasha moto vizuri kama alivyowapasha wao wote utotoni na hakuna aliyekufa, na asubuhi hii dada yake alimpandishia sauti mbele ya majirani, "Mama, umeniulia mtoto kwa ubahili wako!" na mama, mwanamke asiyekubali kushindwa neno hata na redio, aliinua tu vidole vyake akavitazama, na yeye, mwanawe wa kiume, amesimama pale pale mlangoni na funguo za gari mkononi, anatazama viatu, akasema twendeni tutachelewa... na kikulacho ki nguoni mwako, lakini wanapoisema hiyo hawakuambii siku ambayo wewe ndiye chawa... kwa sababu dada yake alimpigia simu, si kwamba hakupiga, Jumamosi ile alipiga, "Mdogo wangu, nataka kuwapeleka watoto baharini, hebu niambie pako pale pa kalenda ni wapi hasa," pako, kama mali yake, ile kalenda ameitundika sebuleni na mwaka umeisha na haitoi, kila mgeni aonyeshwe, na yeye hapo hapo alikuwa na nafasi, sentensi moja tu, usiende dada, pananuka, nenda ng'ambo ya pili, lakini angesema vipi miaka tisa amesifiwa, akasema, "Nendeni maji yakijaa, ndiyo pazuri," na hilo ndilo linalomtia kinyaa kuliko yote, kwamba alijua maji yakijaa bomba linafunikwa, alilifunika kwa maneno kama anavyolifunika kwa miguu, akajidanganya kwamba bahari ni kubwa, itasafisha, bahari si husafisha yenyewe, na Jumapili akapigiwa tena, kelele za watoto nyuma, dada anacheka, "Kuna harufu hapa kidogo, au pua zangu?" "Mwani huo, dada. Mwani ukioza hunuka." Mwani! Ulimi wake mwenyewe, bila hata kukwama, "Aa, basi sawa, na huyu mpwa wako amekunywa nusu ya bahari leo," na akacheka, na yeye akacheka naye... uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, afadhali hata mti, mti haunuki... "Maji ya kunywa nyumbani mnachemsha?" "Tunachemsha, daktari, ni kile kiporo tu, mama yetu ni mtu mzima, macho hayaoni vizuri, hajui kilichochacha," na kalamu inaandika, inaandika dawa ya kiporo, na nyuma ya pazia mtoto akajikunja akatoa sauti kama ya paka, na mpiga picha akajua kwamba atasema, sasa hivi, lazima aseme, akaanza kuyapanga maneno, daktari, huenda yale maji, kutokana na mvua, yalikuwa na uchafu kidogo... huenda, kidogo, mvua ipi, mvua haijanyesha miezi miwili sasa, akaanza upya, daktari, nasikia siku hizi manispaa inamwaga taka upande ule... nasikia! akajisikia ananuka yeye, kwapani, mdomoni, kwa sababu ameona anachokifanya, anatafuta pembe, mpwa wake amelala na sindano mkononi na yeye hapa anasogea kushoto, anasogea kulia, aungame bila bomba kuonekana, aungame akitoka vizuri, na hakujua mpaka dakika hii kwamba ugonjwa wake ndio huu, alidhani ni kazi, alidhani anaweza kuuacha ofisini pamoja na kamera, kumbe hajawahi kumwambia mtu kitu chochote ambacho hakukikata kando kwanza kama picha, mke aliyeondoka, rafiki, mama... na daktari bado ameshika simu, hajaihamisha hata kidogo, anaivuta picha kwa vidole viwili kuikuza, mnara, ngazi, kijani, anatabasamu kidogo kama watu wanavyotabasamu, kwa uungwana tu, kumliwaza mtu na mgonjwa wake, "Picha nzuri kweli, baba. Ulisimama wapi ukaipata hivi?"

"Juu ya bomba la choo," akasema, na kwa kuwa dada yake aliangua kicheko akidhani ni utani wake wa siku zote, akasema tena.