Upande wa Nje wa Ukuta

Waliposhuka basi asubuhi, miguu ya mke wa Breki ilikuwa imeshavimba. Miaka mingi ya kusimama akipiga pasi mashuka ya hospitali ilikuwa imemwingia vifundoni, na safari ya usiku kucha ikamalizia kazi. Alijikaza kisabuni. Mji huu wa kale aliusikia tangu uchumba wao. Mumewe alikuwa dereva wa lori, Breki kwa wenzake, na kila akirudi safari alirudi na hadithi: jumba la mfalme lenye dari ya dhahabu, mnara wa ngazi zisizokwisha, vichochoro vyembamba ambamo watu hawapishani bila kuombana radhi. Sasa alikuwa amestaafu, na binti yao alikuwa amewakatia tiketi za kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

"Nifuate mimi," Breki alisema kwenye lango la ukuta wa mji. "Humu ni kama nyumbani."

Akamfuata. Walipita kwa washona viatu, wakakata kushoto, wakapanda, wakashuka, wakatokea kwa washona viatu. Breki akakohoa, akasema alitaka tu kumzungusha. Wakaingia uchochoro mwingine. Jua likafika utosini. Walipotokea tena palepale, mshona viatu mmoja, misumari mdomoni, aliwapungia mkono kama shemeji zake.

Mke akaketi kwenye kibaraza cha nyumba ya mawe, akavua viatu.

"Mama Watoto, jumba liko hapo mbele tu."

"Na libaki hapo. Mimi sinyanyuki."

Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, alitoka na ufagio. Alipoiona ile miguu aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda kuwaletea maji. Mke wa Breki akamuuliza habari za jumba la mfalme.

"Liko nyuma ya soko la nafaka. Ila msijichoshe, dada yangu, zimebaki kuta tupu. Dari iliporomoka hata mimi sijazaliwa."

Mke wa Breki alikunywa maji taratibu mpaka mwenyeji wao aliporudi ndani. Breki alikuwa akikung'uta suruali yake vumbi lisilokuwepo.

"Hujawahi kuingia humu," mkewe alisema. Hakusema kwa ukali. Hata ukali unataka nguvu.

"Malori hayaruhusiwi. Tulikuwa tunashusha mzigo nje, tunageuza. Wapagazi wanamsimulia utingo wangu, utingo ananisimulia mimi, mimi nakuletea wewe."

"Na chumvi unatia."

"Kidogo."

Mkewe alitaka kucheka, pumzi ikagoma. Miaka yote ile akiwa ndani ya mvuke wa pasi alimwonea mumewe wivu, akimwona rohoni anatembea mikono nyuma kwenye kumbi za wafalme.

"Sasa ulikuwa unalala wapi?"

Breki akainama, akamwokotea viatu. "Twende nikuonyeshe. Kule sipotei."

Nje ya ukuta palikuwa na uwanja wa malori, ardhi nyeusi kwa oili. Alimwonyesha mahali alipokuwa akitandika turubai, na tundu kati ya mawe alipochomeka mswaki wake.

"Mawe haya yanashika joto la mchana. Baridi ikizidi, unageukia ukuta."

Mkewe akaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa la moto.

"Mbona haya hukunisimulia?"

"Ungelia."

"Ningekufungia blanketi."

Wakaketi, migongo ukutani, miguu wameinyoosha. Kwa mara ya kwanza mkewe naye akamweleza chumba cha mashuka kilivyo: kwamba hakina dirisha, kwamba wakati mwingine shuka humfikia likiwa na damu ya mtu aliyekufa alfajiri, na kwamba wanawake wa mle huimba ili mtu asianguke usingizini juu ya pasi. Breki alisikiliza. Watalii walipita wakipiga picha lango.

Alipomaliza walibaki wamekaa, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kusimama wa kwanza. Kisha basi likaanza kuita abiria, wakashikana mikono, wakavutana mpaka wakasimama.