Dole Kwenye Unga wa Kulfi

Miaka tisa Rabea alikoroga maziwa uani kwa baba yake, mjini Lucknow, India, mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Maziwa ya kulfi, ile barafu tamu ya maziwa, hayataki pupa. Yanachemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, na yakibaki theluthi ndipo unatia iliki na zafarani. Kisha unajaza vikopo vya bati, unaziba midomo yake kwa unga uliokandwa, unavizika ndani ya mtungi wenye barafu na chumvi. Unga ukilegea, chumvi inaingia.

Baba yake, Mzee Anwar, alikuwa ametamka mbele za watu: "Kulfi ya harusi ya Haji Mansur ikitoka salama, Rabea atakaa mbele dukani, penye mtungi. Mimi macho yamenitupa." Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa pale. Tangu siku hiyo Rabea hata chakula hakikumpita kooni kwa furaha.

Siku ya kazi, kaka yake Shakil alitumwa uani kusaidia.

"Nipishe, bibi mtungi! Au umeshaolewa na hivi vikopo?"

Akaziba ishirini, simu sikioni.

"Kaka, bonyeza vizuri."

"Unga ni unga, bwana. Usinifundishe."

Harusini Rabea alisimama nyuma ya pazia. Mgeni wa kwanza alionja, akatema. "Anwar! Hii kulfi au achari?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akakitwaa kile kikopo, akapapasa kizibo chake cha unga. Kwao kila anayeziba huacha alama ya dole gumba kwenye unga, ijulikane ni kazi ya nani. Hii ilikuwa pana, ina mfuo katikati: kovu la Shakil la utotoni. Hata kipofu angelijua.

Mzee akausugua unga mpaka alama ikapotea.

"Niwieni radhi, jamaa zangu. Ni binti yangu huyo. Mawazo yake hayatulii."

Shakil aliinama akitazama viatu vyake.

Asubuhi yake Shakil ndiye aliyekaa penye mtungi. Mzee akaja uani.

"Mwanangu, yule ni mwanamume. Jina lake likiharibika atakula wapi? Wewe una mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Maziwa yameletwa."

Rabea akawasha moto, akakoroga mpaka adhuhuri. Akajaza vikopo, akaviziba kimoja kimoja, akavikaza barabara. Mzee akachukua kimoja, akazungusha kidole ukingoni, akarudia tena.

"Mbona hakina dole? Hiki kazi ya nani?"

"Ya duka, Baba," Rabea akasema, akakizika kwenye chumvi.