Kazi Ileile

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yalikunjwa watu wakiwa wamesimama. Ukikaa, umechoka. Ukichoka, fomu yako inaandikwa "kazi nyepesi", na hakuna aliyeandikiwa hivyo akamaliza mwaka bila kurudishwa nyumbani.

Ndiyo maana binti aliyekuwa akipiga pasi pembeni aligeuka haraka alipomwona mama yake akivuta stuli. Tangu aanguke, bega la kulia la mama lilikuwa limegoma. Mkono haukupanda kupita kifua. Na leo msimamizi alikuwa anapita na fomu zake.

"Mama, simama basi, anakuja!"

"Mwache aje. Kwani mashuka nakunja kwa miguu?"

Wakunjaji wakaangua kicheko. "Jamani, malkia ameketi! Nani wa kumpepea?"

"Nipepeeni kwa hayo mashuka yenu, maana mnayachelewesha tu."

Mama alikuwa amefunga vibanio viwili ukingoni mwa meza, usawa wa kiuno. Alibana pembe mbili za shuka, akalivuta hadi magotini, akalikunja kuelekea mezani mara moja, mbili, tatu, kisha akafyatua. Mkono haukupanda hata kidogo. Wenzake walikunja wawiliwawili, mikono juu. Yeye alikuwa peke yake.

Msimamizi, kijana wa umri wa binti yake, alisimama nyuma yake akitazama. Kufika saa nne, rafu ya mama ilikuwa imejaa. Ya wale wawili wa jirani ilikuwa nusu. Kijana akachomoa shuka moja, akalikunjua, akatazama pembe. Zililingana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Basi nakuandikia kazi nyepesi, upumzike."

"Nyepesi iko wapi hapo? Hebu tazama rafu yangu, kisha tazama ya hawa wenye mabega mazima. Andika kazi ileile."

Kalamu ikasita, halafu ikaandika. Mama akanyoosha shingo, akasoma neno kwa neno mpaka mwisho, ndipo akabana shuka jingine.

Mkunjaji mmoja akasogea, mkono kiunoni. "We bibi, na mimi mgongo unaniua. Hivyo vidude unavifungaje?"

Binti, ambaye humo ndani sauti yake ilisikika kwa nadra, akaitua pasi.

"Usimwite 'we bibi', mwite fundi kwanza," alisema. "Halafu ndipo umuulize."