Swali la Mkamwana

"Tena," Judica alisema. "Na safari hii usimcheke."

Klaudia, muuza chai wa kambi, alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Mbele yake, juu ya kreti la samaki, alikaa Rugambwa, mwenyekiti wa kambi ya wavuvi, amekunja mabega akijifanya mtu aliyechoshwa na dunia. Wengine waliwazunguka mchangani: wanaume wenye viganja vilivyochanwa na nyuzi za nyavu, wanawake wenye magamba ya dagaa yaliyogandia vifundoni.

"Mwenyekiti," Klaudia alianza, "wewe si hufikirii kujiua, eti?"

"Sifikirii. Ya nini nijisumbue? Chapati zako zitaniua zenyewe."

Kambi iliangua kicheko. Judica alingoja kiishe.

"Mmesikia alivyojibu? Klaudia amemtafunia jibu, yeye amelimeza. Mtu aliyechoka kuishi hana nguvu za kubishana na wewe. Ukimwonyesha kwamba unataka 'hapana', atakupa hiyo 'hapana' ili uondoke."

"Sasa nisemeje, dada? Nimtajie kifo mchana kweupe? Si ndiyo kumwitia?"

"Humwitii. Kama kipo, kimeshakaa naye. Wewe unamwonyesha tu kwamba na wewe unakiona. Muulize, 'Unafikiria kujiua?' Kisha nyamaza. Huko kunyamaza ndiko kazi."

"Hapa kisiwani Goziba," Rugambwa alidakia, "ukimuuliza mtu hivyo atadhani unautaka mtumbwi wake."

Walicheka tena, lakini kidogo. Klaudia alivuta pumzi, akamtazama mwenyekiti usoni.

"Rugambwa. Unafikiria kujiua?"

Akanyamaza. Maji yaligonga ubavu wa mitumbwi. Rugambwa alifungua mdomo kwa mzaha mwingine, mzaha haukutoka. Akatazama chini, katikati ya miguu yake.

"Ule mwaka ziwa lilipomchukua mdogo wangu," alisema, akaishia hapo.

Hakuna aliyecheka.

Ndivyo Judica alivyofanya kazi. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili mjini Bukoba, na kwa miaka mingi alipokea watu walioletwa wamefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, wengine wakiwa wamekwisha kuharibika kiasi cha kumfanya ajiulize jamaa zao walikuwa wapi siku zote hizo. Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka chuoni. Sasa alikuwa akimalizia shahada ya uzamili ya afya ya akili ya jamii, masomo yanayomfundisha mtaalamu kuwafuata watu waliko kabla kamba hazijatafutwa. Kisiwani alikuja mwezi ulipokuwa mkubwa, kwa sababu usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi hailali ziwani, na wanaume wanabaki nchi kavu na chupa zao na mawazo yao. Siku hizo ndizo watu walizopotelea majini. Jamaa zao walioogopa aibu walisema wameteleza.

Jioni hiyo Daktari Hafidha, mhadhiri wake, angefika kwa boti kumtazama akifundisha. Hiyo ilikuwa alama ya mwisho. Akiikosa, angerudia mwaka.

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya vichanja vya dagaa. Judica alipanda kumjulisha mhadhiri kwamba kila kitu kiko tayari. Kabla hajabonyeza namba, simu iliita. Alikuwa mumewe Lameki, mwalimu wa shule ya msingi Muleba, aliyekaa uga mmoja na baba yake, Ta Kamala, waliyemwita Tata.

"Mke wangu, Tata amenizungusha kibanja chote asubuhi hii, shamba zima la ukoo. Mlamula hadi mlamula. Kila mti wa mpaka ananishikisha mkono."

Judica alihisi jiwe likipoa chini yake. Mzee haonyeshi mwanawe mipaka bila sababu.

"Nini kingine?"

"Mbuzi wake amempa Datius jirani. Amenyoa kichwa kizima. Jana nilimpelekea kahawa ya kutafuna akanirudishia kikapu, anasema mdomo wake umemaliza."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema yuko salama."

"Umemuuliza vipi, Lameki? Niambie maneno yenyewe."

Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayejua amekosea: "Nimemwambia, 'Tata, huwazi mabaya, au siyo?'"

Judica alifumba macho. Huyu mwanamume aliishi naye. Huyu alimsikia akikariri masomo yake kila mwisho wa juma, sahani mkononi.

"Kamuulize tena. Mtajie neno."

"Ni baba yangu, Judica. Ulimi umekataa."

Alimpigia Awadhi, mwenzake wa wodini Bukoba, kwa sababu chuo kiliwafundisha kwamba mtaalamu hampimi mtu wa nyumbani kwake. Awadhi alikuwa peke yake na wodi imejaa. "Kesho asubuhi nitakuwa Muleba, Inshallah," alisema. "Lakini asibaki peke yake leo. Na mtu amuulize, dada. Mtu yeyote."

Kisha Daktari Hafidha. Mhadhiri alisikiliza hadi mwisho.

"Nenda," alisema. "Ila nisikudanganye, Judica. Siwezi kutoa alama kwa kazi ambayo sikuiona."

"Najua, Daktari."

"Nenda, mwanangu."

Rugambwa mwenyewe ndiye aliyewasha injini ya mtumbwi. Judica alikaa mbele, maji yakimrukia usoni na kisiwa kikizama nyuma yao.

*

Lameki alimngoja mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, na pikipiki ya kuazima. Walipofika kwenye kona ya nyumbani alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Unataka kumuuliza wewe," alisema.

"Kama wewe utashindwa."

"Wewe ni mkamwana wake! Hata jina lake hulitaji. Hata mkeka mmoja hamkai. Leo umtajie kifo? Ukoo utasema umemlaani, na likitokea lolote watasema ni mdomo wako. Watasema hadi kwa watoto wetu."

"Wacha waseme."

"Unasema hivyo kwa sababu una chuo. Mimi nitabaki hapa na midomo yao."

Ilikuwa kweli, na Judica alilijua hilo. Alishuka, akatembea.

Zamani, kutoka barabarani usingeiona nyumba ya Ta Kamala. Migomba iliifunika kama mtoto ndani ya shuka, na kivuli chake kilianzia mlangoni hadi kwenye mibuni ya mwisho. Kisha mnyauko uliingia. Majani yakawa manjano, ndizi zikaoza zingali mkunguni, ukikata shina linatoa usaha. Afisa kilimo alisema dawa ni moja, kukata na kufukia, na mzee hakukubali mkono mwingine ushike panga. Aliikata yote mwenyewe, mgomba kwa mgomba, ile aliyoipanda baba yake na ile aliyoipanda babu yake. Sasa nyumba ilisimama uchi. Na nyuma yake, pale ambapo ukoo huzikwa chini ya migomba ili walale kivulini, makaburi yaliota jua.

Ta Kamala alikuwa ameketi kwenye mkeka ugani, amevaa shati lake la ibada. Kichwa kilichonyolewa kiling'aa. Judica alipiga magoti mbali, kama ipasavyo, macho chini.

"Kaboneka waitu, Tata," alimwamkia kwa Kihaya.

"Mkamwana. Nimeambiwa uko visiwani unafundisha wavuvi."

"Nimerudi, Tata."

"Mapema."

Lameki alikaa kwenye kizingiti. Alikohoa. Judica alimtazama kwa pembe ya jicho, akamwombea kimoyomoyo kwa nguvu zake zote, kama anavyoombewa mtoto anayekariri mbele ya kanisa.

"Tata," Lameki alisema.

"Mwana wange."

"Tata, mimi... Leo umeshindaje? Uko salama?"

"Niko salama."

Lameki akainamisha kichwa.

Basi Judica aliinuka. Alivuka uga, akavuka ile nafasi ambayo tangu aolewe hakuwahi kuivuka, akakaa kwenye mkeka wa baba mkwe wake. Lameki alitoa sauti kama mtu aliyeungua. Mzee alijivuta nyuma, mkono kifuani. Judica aliinua macho, akayaweka machoni pake, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba yalikuwa na rangi ya kahawa changa, na kwamba hayakuwa yamelala kwa muda mrefu.

Alisema kwa Kihaya. Neno hilo alikuwa amelitamka kwa Kiswahili mara nyingi, na darasani kwa Kiingereza, lakini katika lugha ya mama yake hakuwahi, kwani katika lugha hiyo mtu hulitoa tu anapotaka kulaani.

"Tata, unafikiria kujiua?"

Akanyamaza.

Kuku alipita ugani, akadonoa, akapita. Mahali fulani bondeni mtu alikuwa akipasua kuni. Uso wa mzee uliingia giza, mishipa ya shingo ikasimama, na Judica alijua kwamba sasa anafukuzwa, kwamba panga la maneno linakuja na halitarudi alani. Kila kiungo chake kilitaka kusema nisamehe, Tata. Alijifunga mdomo. Huko kisiwani alikuwa amewaambia kwamba kunyamaza ndiko kazi. Hakuwaambia kwamba kunauma namna hii.

"Nani amekufundisha kumsemesha mkwe wako hivyo?"

"Chuo, Tata."

"Chuo." Alitema neno hilo pembeni. "Na hicho chuo kimekufundisha la kufanya nikikujibu?"

"Kimenifundisha kusikia."

Mzee aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa bado na weusi wa utomvu wa migomba, ule usiotoka kwa sabuni.

"Ndiyo," alisema.

Kwenye kizingiti, Lameki alifunika uso.

"Nilipokuwa nakata nilisema, nitaotesha tena. Afisa akasema ardhi ipumzike kwanza. Ipumzike! Na mimi? Babu yangu alinipokeza kivuli, mimi nimempokeza Lameki jua. Nikifungua mlango asubuhi namwona mama yake Lameki pale kaburini, amelala kwenye joto kama mtu asiye na watu. Namwona baba yangu. Nao wananiona. Unajua wananiulizaje?"

"Hapana, Tata."

"Hawaniulizi kitu. Wananitazama tu."

Judica alitaka kumshika mkono, akaona hilo lingezidi. "Ulipanga lini?"

"Jumapili. Watu wakiwa kanisani."

Alisema vivi hivi, kama mtu anayetaja siku ya kuvuna. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

"Kwa njia gani, Tata? Kwa kitu gani?"

Macho ya mzee yalikwenda peke yake hadi kwenye banda la kahawa, yakarudi.

"Lameki," Judica aliita bila kugeuka. "Nenda bandani. Ile sumu ya wadudu wa kahawa, itoe. Kamba pia. Uvipeleke mbali na nyumba hii."

Lameki aliinuka akishika mlango. Walimsikia bandani akisogeza vitu, akiangusha, akilia kwa sauti ya mtoto. Alitoka na kopo la sumu na kamba kifuani, akapita mbele yao bila kuwatazama, akashuka bondeni. Mzee alimfuata kwa macho hadi alipopotea.

"Sasa umeniaibisha mbele ya mwanangu."

"Ndiyo, Tata."

"Wazee watakuita. Watakutoza mbuzi."

"Nitatoa."

"Na baada ya hapa? Chuo kinasema nini baada ya hapa?"

"Kesho asubuhi atakuja mwenzangu, Awadhi. Ana dawa, na anajua zaidi yangu. Leo nitakaa hapa na wewe. Ukinifukuza nitakaa nje ya mlango."

"Na migomba?"

"Ya migomba hakikunifundisha, Tata."

Kitu kilipita kwenye midomo ya mzee, hakikuwa kicheko. "Basi hakikumaliza kukufundisha."

Waliendelea kukaa. Jua lilishuka likiwapiga usoni, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kulizuia. Simu ya Judica ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Hakuigusa. Jasho lilimtiririka mzee nyuma ya sikio, juu ya ngozi mpya iliyoachwa na wembe, naye hakulifuta.

Barabarani ilisikika baiskeli. Alikuwa Datius, jirani, akirudi kutoka sokoni na mkungu wa kununua nyuma ya kiti. Kwa kuwa uga ulikuwa wazi aliwaona kutoka mbali: mzee na mkamwana, mkeka mmoja. Baiskeli iliyumba. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu, akatazama mbele, akapaza sauti.

"Mwasibota, Ta Kamala! Habari za huko?"

Mzee alijinyoosha. Mabega yalirudi mahali pake, kidevu kikainuka, na mkono wake wa kulia ukapanda juu, kiganja wazi, kama alivyowasalimu wapita njia maisha yake yote.

"Salama!" alijibu, kwa sauti nzima, nzito, ya mwenye mji. "Huku tuko salama kabisa!"

Datius alishukuru, akakanyaga pedali, akateremka. Mlio wa mnyororo ulififia kwenye kona. Judica alimgeukia baba mkwe wake. Mkono ule ulikuwa bado uko juu, kama vile mzee amesahau jinsi ya kuushusha.